Kisu Kidogo cha Kusafisha Ndege na Samaki

Ndugu musomaji, kisu cha nyumbani mwako kinafanya kazi ngapi? Hesabu kwa vidole. Kinamenya mihogo. Kinakata kamba ya mbuzi. Kinachonga mupini wa jembe. Kinakata kucha za baba. Siku ya soko kinapasua samaki, na mutoto akileta kwale kutoka kwenye mutego, ni kisu kile kile tena. Usiku kinalala chini ya kitanda au kinachomekwa kwenye majani ya nyumba. Nyumba nyingi ziko hivi, na wenyewe hawaoni neno baya ndani yake.

Sisi tunaofanya kazi katika chumba cha vidonda tunaliona. Wakati samaki ni wengi katika Ziwa Albert, na motokari zinapanda mulima kutoka Kasenyi na Tchomia kwenda Bunia, sisi tunapokea mikono. Mukono wenye kidole kilichovimba kama ndizi. Mukono uliochomwa na mwiba wa kambale. Mukono uliokatwa na kisu usiku, taa ikiwa ndogo na samaki wakiwa wengi.

Siku moja alikuja mama mumoja, muke wa muvuvi. Mukono wake wa kushoto ulifungwa kwa kipande cha kitenge, na kitenge kilijaa damu na majivu. Alikuwa akikata kichwa cha kapiteni mukubwa kwa kisu cha mihogo, kisu kirefu kama mukono mpaka kiwiko. Kisu kiligonga mufupa, kikateleza, kikapita katikati ya kiganja chake. Nilipoosha majivu nikamwambia akunje vidole. Viwili vilikunjika. Viwili vilikaa wima kama vijiti. Kano zake zilikuwa zimekatika, zile kamba nyeupe zinazovuta vidole. Daktari alizishona siku ile ile, lakini majivu na uchafu wa samaki vilikuwa vimekwisha kuingia ndani, kidonda kikatunga usaha, na kano hazikushika. Mama yule anashika jembe kwa vidole vitatu hata leo.

Aliniuliza neno ambalo sikulisahau. Alisema, “Muganga, kisu kile hakina makali. Hata muhogo kinashindwa. Kilinikata namna gani?”

Mama, kilikukata kwa sababu hakina makali. Watu wengi wanafikiri ya kuwa kisu kikali ndicho cha kuogopa, na kisu butu hakina hatari. Si hivyo. Kisu kikali kinaingia mahali unapokiweka, kwa nguvu ya vidole tu. Kisu butu hakiingii. Basi unasukuma kwa nguvu ya bega. Ngozi ya samaki iko na ute, mufupa ni muviringo, kisu kinateleza, na nguvu ile ya bega haisimami. Inaendelea mpaka inakuta kitu laini, na kitu laini kilicho karibu ni mukono wako wa pili. Tena kidonda cha kisu butu hakikatiki vizuri. Nyama inapasuka na kuchanika, inachukua siku nyingi kupona, na vidudu vinapata mahali pa kujificha.

Kisu kikubwa kinaongeza taabu. Ncha yake iko mbali na vidole vyako, nawe huwezi kujua imefika wapi. Unapopasua tumbo la kanga kwa kisu cha mihogo, ncha inatoboa matumbo ndani, na uchafu wote unamwagika juu ya nyama utakayokula. Unafanya kazi ya sindano kwa kutumia shoka.

Kwa hiyo ninakuomba hivi: uwe na kisu kimoja kidogo, kikali, cha ndege na samaki tu. Gharama yake ni ndogo kuliko safari moja ya kuja hospitali. Lakini usinunue upesi. Visu vingi vya sokoni vinapendeza macho tu.

Kwanza tazama urefu. Weka kisu kando ya kidole chako cha kuonyesha. Chuma chake kisipite sana kidole hicho, sentimeta 8 mpaka 10. Kwa kwale, njiwa, kanga, bata na tilapia hicho kinatosha kabisa. Ukikata minofu ya kapiteni kwa kuuza, utahitaji kingine chembamba, chenye sentimeta 15 hivi, lakini hicho ni chombo cha biashara. Mugongo wa kisu kidogo usiwe munene. Milimeta 2 zinatosha. Kiwe na ncha, maana kazi ya kuanza tumbo ni kazi ya ncha. Lakini ncha isiwe nyembamba kama mwiba, itavunjika ndani ya kiungo cha paja.

Kisha jaribu chuma. Weka ncha juu ya ubao, sukuma polepole mpaka chuma kipinde kidogo, halafu achilia. Kikirudi na kunyoka, ni chuma. Kikibaki kimepinda, ni bati tu lililopakwa mwangaza, mwachie muuzaji. Inua kisu mbele ya macho, utazame makali toka ncha mpaka mupini. Mahali panapong’aa ni mahali pasipo makali, kwa kuwa makali ya kweli hayaonyeshi mwangaza.

Watu wananiuliza kama kisu cha inoksi, kile kisichoshika kutu, ni bora kuliko cha chuma cha kawaida. Kila kimoja kina wema wake. Cha inoksi hakishiki kutu, hata ukikisahau katika maji usiku mumoja, lakini vingi ni vigumu kunolewa kwa jiwe la mutoni. Cha chuma cha kawaida kinapata makali upesi, lakini usipokikausha kinashika kutu kabla ya asubuhi. Damu ya samaki itakitia madoa meusi na ya buluu; madoa hayo si kutu, usihangaike nayo. Mimi mwenyewe ninapenda chuma cha kawaida, sababu kijijini jiwe liko na mashine ya kunoa haiko.

Tena usimudharau mufua chuma wa kijiji chako. Mwambie akufanyie kisu kwa kipande cha resori ya motokari. Chuma hicho ni kigumu na kinashika makali sana. Kipande cha musumeno wa kukatia chuma kinafaa pia, ila ni rahisi kuvunjika. Asikufanyie kwa fito za kujengea nyumba za simiti. Chuma chake ni laini, utanoa kila siku. Ukitaka kujua, chukua tupa na uikwaruze juu ya chuma kilichokwisha kupozwa. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikila kama inakula muti, ni laini.

Sasa nifike kwenye mupini, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanadanganyika. Wanatazama rangi. Wewe omba maji kwa muuzaji. Loanisha mukono, upake na sabuni kidogo kama iko, kisha ushike kisu kwa nguvu na kukigeuza. Kazi yako yote na kisu hiki utaifanya na mukono wenye maji, damu na ute, basi kwa nini ununue na mukono mukavu? Mupini muviringo kama fimbo unageuka ndani ya mukono. Uliobanwa kidogo pande mbili, kama yai refu, unakaa. Mupini wenye kung’aa kama kioo unateleza. Muti uliochongwa bila rangi unashika. Tena mahali mupini unapokutana na chuma pawe na kituo, kitu cha kuzuia kidole kisiteleze mbele mpaka kwenye makali. Mwenye mukono mukubwa asinunue mupini mufupi wa mutoto.

Chuma kiingie ndani ya mupini mpaka mbali, na kifungwe kwa misumari iliyopondwa pande zote mbili. Tikisa kisu karibu na sikio. Kikilia, kimelegea. Halafu fanya neno moja ambalo litawachekesha watu wa soko: kinuse. Kisu cha zamani, hata kikioshwa vizuri, kinuse pale chuma kinapoingia katika mupini. Kama kuna harufu ya kuoza, kuna ufa, na ndani ya ufa kuna damu ya mwezi uliopita. Nyumbani mwako leo, kabla ya kusoma zaidi, nenda ukanuse kisu chako.

Juu ya visu vya kukunja, nitasema yaliyonipata. Nilipokuwa ningali mwanafunzi katika shule ya Biblia, nilinunua kisu cha kukunja chenye mupini mwekundu unaong’aa. Nilikipenda sana, nilikitoa mufukoni hata bila kazi. Siku moja tulikwenda kijiji kimoja kuhubiri, na wenyeji wakatupa kanga. Nikataka kuonyesha ujuzi wangu. Nikachoma ncha kwenye kiungo cha paja, nikasukuma, na kisu kikajikunja juu ya kidole changu mpaka mufupa. Jumapili nilihubiri na kidole kimefungwa kama kichwa cha mutoto mugonjwa, nikafungua kurasa kwa mukono wa kushoto, na wenzangu nyuma wakaziba midomo wasicheke. Baadaye nilipofungua kisu kile vizuri, nilikuta ndani ya kiungo chake damu kavu, magamba na manyoya madogo. Kisu cha kukunja ni kizuri kwa kuchonga penseli. Kwa nyama, chukua kisu kisichokunjika.

Ninasema pia neno zito zaidi.

Nilisema kisu hiki kiwe cha ndege na samaki tu. Mama wazee watanisikiliza hapa. Kuna nyumba ambamo mutoto anazaliwa usiku, hospitali iko mbali, mvua inanyesha, na nyanya anatafuta kitu cha kukata kitovu. Anakumbuka kile kisu kidogo kikali. Anakipangusa kwa kitambaa. Anakata. Mutoto analia vizuri, ananyonya siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karibu na siku ya saba anaacha kunyonya. Mudomo wake unakaza, hauwezi kushika titi. Kisha mwili wote unakaza kama upinde, na kila sauti, hata ya mulango, inamushtua na kumukaza tena. Watu wanasema ni ulozi, au ndege mubaya alipita juu ya nyumba. Ni pepopunda, ugonjwa ambao katika hospitali tunauita tetanosi. Nimewashika watoto wa namna hii. Wachache wanapona, kama wanafika mapema. Wengi hawaponi.

Vidudu vya tetanosi vinakaa katika udongo na katika mavi ya nyama. Vinajifunika na ganda gumu, na hivyo vinakaa miaka bila kufa. Kisu kinachowekwa chini, kinachopasua matumbo, kinachochomekwa katika ukuta wa udongo, kinavibeba bila kuonekana. Mutu ananiambia, “Lakini tulikichemsha.” Ni vizuri kuchemsha, vidudu vingi vinakufa. Lakini ganda la vidudu hivi linaweza kushinda maji yanayochemka. Kwa kitovu, uwe na wembe mupya ndani ya karatasi yake, uliowekwa tayari tangu mimba ni changa, na uzi safi. Zaidi ya hayo, mama mwenye mimba apate sindano za tetanosi: asiyechanjwa zamani apate mbili, ya pili majuma 4 baada ya ile ya kwanza, na iwe majuma 2 au zaidi kabla ya kuzaa. Sindano ile inamukinga yeye, na mutoto anazaliwa na ulinzi. Kisha mutoto mwenyewe apelekwe kuchanjwa akiwa na majuma 6, 10 na 14.

Basi turudi kwenye ndege wetu.

Kama aliuawa kwa mutego au kwa bunduki, mutengeneze upesi. Matumbo yakikaa ndani katika joto la muchana, nyama inaharibika kutoka ndani wakati nje ingali nzuri. Nyonyoa manyoya kwanza. Mulaze ndege kwa mugongo juu ya ubao au majani safi ya ndizi, usimushike hewani. Vuta ngozi ya tumbo juu kidogo, karibu na tundu la haja, ukate mahali pa kuingiza vidole viwili tu. Makali yatazame juu, mbali na matumbo, na ncha isiingie zaidi ya urefu wa kucha. Kata kuzunguka tundu la haja. Halafu weka kisu chini. Sikiliza vizuri: weka kisu chini, ndipo uingize vidole. Mukono na kisu visikae pamoja ndani ya tumbo la ndege hata mara moja. Vuta matumbo yote pamoja, polepole, usipasue nyongo, kile kifuko cha kijani kwenye ini. Ondoa na ule mufuko wa chakula ulio chini ya shingo. Matumbo yakipasuka, kata nyama iliyochafuka uitupe, osha iliyobaki, na upike siku ile ile mpaka nyama iachane na mufupa.

Ndege wa bunduki ana hatari mbili nyingine. Mifupa iliyovunjwa na risasi ni mikali kuliko kisu, kwa hiyo papasa kwa nje kabla ya kuingiza vidole. Na zile risasi ndogo ndogo mara nyingi ni risasi ya kweli, yaani madini ambayo ni sumu, zaidi sana kwa watoto wadogo. Kila palipo na tundu na nyama nyeusi, kata ile nyama pande zote, na kuitupa mbali. Usimupe mbwa.

Ndege uliyemukuta amekufa mwenyewe, usimuguse na usimupasue. Mwaka wa 2017 homa ya ndege ya aina ya H5N8 ilionekana Uganda, kisha ikaonekana kwetu Ituri karibu na Ziwa Albert, ikaua bata na kuku. Homa za ndege za aina nyingine zimekwisha kuua watu katika inchi nyingi. Ukiona bata au kuku wengi wanakufa pamoja, pasha habari kwa mutu wa afya au muganga wa mifugo, wala usifanye karamu.

Wakati wa mafundisho wengine huniuliza juu ya damu ya nyama, na nini inakatazwa katika Sheria ya Musa. Swali hilo ni zuri, mupelekee muchungaji. Leo tuko na kisu mukononi.

Samaki ana silaha zake mwenyewe. Tilapia ana miiba mugongoni. Mushike toka kichwa kwenda mukia ili miiba ilale. Kapiteni ana miiba mugongoni na tena kwenye kifuniko cha mashavu, ambapo watu wanapenda kuingiza vidole ili wamubebe. Kambale ana mwiba mugumu katika kila pezi la ubavuni. Uvunje kwanza kwa koleo, kabla ya kazi yote. Ngozi yake inateleza, basi mupake majivu ndipo umushike. Majivu ni ya ngozi ya kambale. Hayakuumbwa kwa vidonda.

Para magamba kwa mugongo wa kisu, si kwa makali, toka mukia kwenda kichwa. Tumbo lipasuliwe toka tundu la haja mpaka chini ya kichwa, kwa ncha, juu juu tu. Mukono unaoshika samaki ukae nyuma ya kisu, usikae mbele ya njia yake. Ondoa mashavu mekundu. Halafu toa ile damu nyeusi iliyolala kando ya uti wa mugongo, ikwaruze kwa kijiko. Wengi wanaiacha, na hiyo ndiyo inaanza kunuka.

Kichwa cha kapiteni mukubwa si kazi ya kisu kidogo, wala usijaribu. Weka panga taratibu juu ya kiungo, kisha piga mugongo wa panga kwa kipande cha muti. Usiinue panga juu na kupiga. Na kama taa ni ndogo, ngoja au tafuta mutu wa kushika taa. Ukitaka kumupa mwenzako kisu, kiweke juu ya ubao, naye akichukue mwenyewe.

Kazi ikiisha, osha kisu kwa maji baridi kwanza, sababu maji ya moto yanaikaza damu juu ya chuma. Kisha maji ya moto na sabuni, ukisugua hasa kwenye shingo ya mupini. Kausha. Kama ni chuma cha kawaida, pakaa mafuta kidogo ya kupikia. Kiweke katika ala yake, juu, mahali mutoto hafiki. Ala ya ngozi ni nzuri, lakini usirudishe kisu chenye damu ndani yake, maana ala haioshwi.

Kunoa ni kazi ya dakika chache, ukinoa mara kwa mara. Loanisha jiwe. Laza kisu juu yake, halafu inua mugongo wa kisu kidogo, nusu ya unene wa kidole chako cha mwisho, na uushike hapo hapo. Sukuma kama unataka kukata ganda jembamba la jiwe. Mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, kisha moja moja. Usijaribu makali kwa ulimi wala kwa kidole gumba kama wavulana wanavyofanya. Jaribu kwenye ukingo wa jani la ndizi. Likikatika bila kukunjika, inatosha.

Na kama umekatwa? Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, inua mukono juu kuliko moyo, ukae hivyo dakika 10 bila kufungua kutazama. Damu ikisimama, osha kwa maji safi mengi na sabuni. Usitie majivu, wala mavi ya ng’ombe, wala petroli, wala utomvu wa majani. Funga kwa kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi. Halafu jaribu kidole: kunja kila kiungo, kinyoshe, guse ncha yake kama unasikia. Kisipokunjika, au kisiposikia, au damu ikiendelea kuruka, njoo siku ile ile. Usingoje soko liishe. Hata kidonda kidogo cha mwiba wa samaki kikivimba, kikiwa na moto, au mustari mwekundu ukipanda kwenye mukono, njoo. Leta karatasi yako ya chanjo, sababu tutauliza juu ya tetanosi. Ugonjwa huo unaweza kuonekana siku 3 mpaka 21 baada ya kidonda, mara nyingi kidonda kikiwa kimekwisha kupona, na alama yake ya kwanza ni taya kukaza.

Mama yule wa vidole viwili nilimuona tena pwani ya ziwa, alipokuwa akipasua tilapia kwa kuuza. Hawezi kushika samaki vizuri kwa mukono wake wa kushoto, basi alipiga musumari murefu kutoka chini ya ubao mpaka ncha ikatokea juu, na juu ya ncha ile anachomeka kichwa cha samaki. Samaki anakaa imara kuliko mukononi mwa mutu. Kisu chake ni kifupi, cha resori, na mupini wake umefungwa uzi mwekundu ili watoto wasikichukue kwa kazi nyingine. Kazi ikiisha anafunika ncha ya musumari kwa kipande cha muhogo. Nilimuomba anionyeshe ubao ule, nami nimefanya mumoja kwa jiko letu.